Moshi wa viwanda ndani ya udongo wa misitu ya milimani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukimwambia mtu kwamba unaweza kupanda mlimani na kifaa cha sumaku, ukakiweka juu ya udongo wa msitu, na ukajua moshi wa viwanda ulifika pale, anakuangalia kama mganga. Ni fizikia ya kawaida tu, ila ina mitego mingi na watu wanadumbukia kila siku. Mifano mingi hapa chini inatoka Ulaya ya kati, kule Poland, Ucheki na Ujerumani zinapopakana, maana huko ndo mbinu hii imefanyiwa kazi sana.

Kwani moshi una sumaku?

Gesi hapana. Kinachosumakika ni vumbi linalotoka nayo. Makaa ya mawe huwa yana madini ya chuma ndani yake, hasa pairiti, ile inayong'aa kama dhahabu na kuwadanganya watu, ambayo ni chuma na salfa tu. Pairiti yenyewe sumaku karibu haiijali kabisa. Sasa itupe kwenye boila lenye joto la nyuzi 1000 na zaidi, salfa inachomoka na kwenda zake hewani kama dioksidi ya salfa, chuma kinachobaki kinakutana na oksijeni kinageuka magnetaiti na hematiti, yaani oksidi za chuma, ya kwanza ikiwa na sumaku kali, na ule udongo wa mfinyanzi uliokuwa umechanganyika na makaa unayeyuka kuwa matone ya kioo ambayo yakipoa ghafla hewani yanaganda yakiwa duara. Ndo maana chini ya maikroskopu majivu ya makaa ya mawe yamejaa vijipira, vingine vina uwazi ndani, vingine vina mistari ya magnetaiti imejichora usoni kama matawi.

Sio makaa peke yake lakini. Viwanda vya chuma vinatoa vumbi lenye oksidi za chuma na wakati mwingine chuma kitupu, viwanda vya saruji vinatoa chembe zenye chuma na kalsiamu pamoja, na vya kuyeyusha zinki na risasi navyo vina vumbi lao. Magari pia, hasa breki.

Chembe zina ukubwa gani, na zinafikaje mbali hivyo?

Nyingi ni kati ya chini ya maikroni moja (sehemu ya elfu ya milimita) na maikroni makumi kadhaa. Ebu tupige hesabu ya haraka. Kijipira cha magnetaiti tupu cha maikroni 10 kinashuka kwenye hewa tulivu kama sentimita moja na nusu kwa sekunde. Kikitoka kwenye dohani ya mita 200 kinahitaji saa tatu na ushee kufika chini, na kama upepo unakwenda mita 5 kwa sekunde kitakuwa kimesafiri kilomita 60 hivi kabla ya kutua. Cha maikroni 1 kinashuka polepole karibu mara mia zaidi ya hapo, kwa hiyo hicho hakitui chenyewe, kinazunguka mpaka mvua, theluji, ukungu au jani likinase. Hesabu hii imeacha misukosuko ya hewa na mambo mengi tu, ila inakuonyesha kwa nini dohani ndefu hazikumaliza uchafu, ziliuhamishia kwa mtu mwingine.

Kwa nini msitu? Kwa nini usipime shambani, si rahisi zaidi?

Shamba linalimwa, na jembe likishapita mara moja tabaka la juu na la chini yamechanganyika, historia imekwisha. Halafu kuna mbolea, samadi, majivu ya jikoni, vipande vya vyuma vya trekta, vyote hivyo vinaharibu kipimo.

Msitu kwanza haulimwi. Pili miti yenyewe ni chujio, majani yake yanakamata vumbi ambalo uwanja wa nyasi ungeliacha lipite, na misonobari na wenzake wenye majani ya sindano wanakamata zaidi kwa sababu wana uso mkubwa na majani hawayapukutishi yote kwa pamoja, yaani wakati wa baridi ambapo watu wanachoma makaa sana wao bado wamevaa. Mvua inakuja inasuuza yale majani, maji yanadondoka au yanateremka na shina mpaka chini. Kwa hiyo udongo wa msituni karibu kila mara unaonyesha sumaku kubwa kuliko uwanja wa wazi ulio jirani, na ukichanganya vipimo vya msitu na vya uwanja kwenye ramani moja bila kusema, hiyo ramani ni ya mahali miti ilipo, sio ya uchafu. Hata pembeni ya msitu na katikati yake hapalingani, pembeni panapigwa na upepo kwanza. Na usipime kwenye shina la mti, maji ya shina yanalundika chembe pale.

Na mlima unaongeza nini?

Mlima unasimama njiani. Hewa ikigonga mlima inapanda, inapoa, mawingu yanatokea, mvua na theluji vinaongezeka, na kila tone linaondoka na vumbi lake. Juu zaidi msitu unaingia ndani ya wingu lenyewe, majani yanachana ukungu masaa mengi ya mwaka, na matone ya ukungu kwa kawaida yana uchafu mzito kuliko ya mvua. Theluji nayo inalundika vumbi la msimu mzima wa baridi halafu inalishusha kwa mkupuo inapoyeyuka.

Faida nyingine ni kwamba udongo wa milimani chini ya misonobari ni mchachu na baridi, minyoo ni wachache sana, kwa hiyo majani hayaozi haraka, yanajipanga tabaka juu ya tabaka na hakuna wa kuyachanganya. Ni mazingira magumu kwa mkulima ila kwa anayetafuta historia ni mazuri ajabu.

Ila usikariri kwamba kadiri unavyopanda ndo uchafu unavyozidi. Wakati wa baridi kuna siku hewa ya joto inakaa juu ya hewa baridi kama kifuniko, moshi unabanwa bondeni na kileleni kweupe kabisa. Ndo maana kuna miteremko ambayo katikati yake pamechafuka kuliko juu na chini. Pia upande unaopokea upepo na upande wa pili vinaweza kutofautiana sana ingawa ni mlima ule ule.

Hiyo Pembetatu Nyeusi inayotajwa kila mara ni nini?

Ni jina walilolipa eneo la kaskazini mwa Bohemia huko Ucheki, kusini mwa Saxony huko Ujerumani na kona ya kusini magharibi ya Poland, ambako palikuwa na mitambo mingi ya umeme inayochoma makaa ya kahawia. Makaa hayo yana salfa na majivu mengi, na wakati ule vichujio vilikuwa hafifu. Hasa kwenye miaka ya 1970 na 1980 misitu ya misonobari ya milima ya Izera na Ore ilikufa maelfu kwa maelfu ya hekta, pakabaki vigogo vilivyosimama vikavu. Kilichoua zaidi ni dioksidi ya salfa na udongo uliogeuka mchachu, wadudu wakamalizia, na ile tabia ya kupanda aina moja ya mti kila mahali ikazidisha. Baada ya 1990 mitambo mingine ikafungwa, mingine ikawekewa mitambo ya kuondoa salfa na vichujio vya umeme, hewa ikasafika kwa kiasi kikubwa.

Hapa kuna jambo watu wanalichanganya: sumaku haikupimii kile kilichoua miti. Dioksidi ya salfa ni gesi, haiachi chembe ya sumaku hata moja. Sumaku inakuonyesha majivu yaliyotoka kwenye dohani ile ile, na kwa mitambo ya zamani gesi na majivu vilitembea pamoja kwa hiyo ni dalili nzuri, ila ukifika kwenye mtambo wenye kichujio kizuri cha vumbi na hauna cha salfa, au mtambo wa gesi asilia, hiyo dalili inakuangusha.

Nimepima juu ya udongo nimepata namba kubwa. Si tayari ni uchafuzi?

Hapana!! Na hili ndo swali ambalo kama ningeruhusiwa kujibu moja tu kwenye ukurasa wote huu ningejibu hili. Namba ya juu ya udongo peke yake haisemi chochote kuhusu viwanda mpaka ujue chini yake kuna nini.

Miamba ina magnetaiti yake ya asili. Basalti, lile jiwe jeusi la volkeno, ina nyingi, serpentiniti, mwamba wa kijani, ina nyingi, matale ya aina fulani na mawe ya mchanga huwa nayo kidogo sana. Udongo uliotokana na basalti unaweza kukupa namba ambayo hata mlangoni mwa kiwanda cha chuma hutaipata, na hakuna moshi uliowahi kufika. Chukua milima ya Karkonosze, mpakani mwa Poland na Ucheki, ile yenye kilele cha Śnieżka cha mita 1603. Sehemu kubwa ni matale yasiyo na sumaku ya maana, pazuri kwa kazi hii, lakini kwenye bonde la barafu la Śnieżne Kotły kuna mshipa wa basalti umechomoza, juu kabisa mlimani. Mtu asiyejua jiolojia akipita pale na kifaa anaweza kuandika ripoti kwamba amepata kitovu cha uchafuzi.

Kinachoamua ni mkato wa wima. Unatoboa na bomba la plastiki, unatoa udongo kama sentimita 30 hivi ukiwa mzima, unapima sentimita kwa sentimita kutoka juu kwenda chini. Kama namba inapanda kwenye sentimita chache za juu, mara nyingi pale kwenye majani yaliyooza nusu na mboji nyeusi, halafu inaporomoka na kubaki chini huko kwote, kitu kilitoka juu. Kama inaongezeka kadiri unavyoshuka, ni mwamba unaongea. Kama ina kilele juu na halafu inapanda tena chini basi una vyote viwili na itabidi uvitenganishe. Kuna watu wanasema mkato unachukua muda mwingi na wao wana eneo kubwa la kupima, sawa, pima juu juu kila mahali halafu toboa sehemu chache za kila aina ya mwamba, lakini usitoe ramani bila mkato hata mmoja.

Kwa nini kilele hakiwi juu kabisa, kwenye majani mapya?

Kwa sababu majani mapya yameanguka juzi na hewa ya sasa ni safi zaidi kuliko ya zamani. Majani yakioza yanapungua uzito na ujazo, kaboni inaondoka, ila chembe za chuma zinabaki, kwa hiyo zinazidi kujilundika kwenye kile kilichobaki. Vumbi la miaka mingi linaishia kwenye kitabaka chembamba cha mboji, kati ya sentimita mbili na nane hivi, inategemea na unene wa majani.

Namba zenyewe zinasomwaje?

Kinachopimwa ni kiwango cha kusumakika, yaani kifaa kinatengeneza uga dhaifu wa sumaku na kuangalia udongo unaitikia kiasi gani. Ukipima msituni unapata thamani ya ujazo, haina kizio, inaandikwa kwa mizani ya 10⁻⁵. Ukipeleka sampuli labu na kuipima uzito unapata thamani ya uzito, mita za ujazo kwa kilo, kwa mizani ya 10⁻⁸. Usizilinganishe hizo mbili kichwa kichwa. Mboji ni nyepesi sana, kwa hiyo thamani ya ujazo inaionea, unaona namba ndogo wakati ukigawa kwa uzito ni kubwa.

Ili upate picha: magnetaiti safi ina kama 50,000 kwenye mizani ile ya uzito. Udongo wenye 50 una magnetaiti kama gramu moja tu kwa kilo, ukichukulia ni magnetaiti peke yake inayoitikia. Hematiti, ile inayofanya udongo uwe mwekundu, ni dhaifu karibu mara elfu, kwa hiyo udongo mwekundu sana unaweza kuwa na namba ndogo na mweusi ukawa na kubwa, rangi isikudanganye. Maji, mchanga mweupe na mabaki ya mimea vina namba ndogo hasi.

Nasikia udongo wenyewe unatengeneza sumaku. Kweli?

Kweli, na jambo hili linajulikana tangu 1955 ambapo Mfaransa Eugène Le Borgne alionyesha kwamba udongo wa juu huwa na sumaku kuliko wa chini hata pasipo na kiwanda. Chuma kilichoachiwa na mawe yanayovunjika kinapitia vipindi vya maji na ukavu, bakteria wanahusika, na kinatokea kama magnetaiti au ndugu yake maghemaiti, ya chembe ndogo mno, nyingi chini ya nanomita 30.

Bahati nzuri chembe ndogo hivyo zina tabia yake. Ukizipima kwa mawimbi mawili ya sumaku, moja la mtetemo wa chini na moja la mtetemo wa kasi mara kumi, kwenye lile la kasi zinaitikia pungufu. Chembe kubwa za kiwandani hazijali, zinatoa karibu namba ile ile mara zote mbili. Kwa hiyo tofauti ya asilimia chache tu, chini ya tatu au nne hivi, inaelekeza kiwandani, na ikifika sita na kuendelea udongo wenyewe umejitengenezea. Katikati hapo ni mchanganyiko, na sampuli yenye sumaku dhaifu sana inatoa asilimia za ajabu ajabu kwa sababu kifaa chenyewe kinayumba, usizichukulie kwa uzito.

Moto wa msitu je?

Moto unapandisha namba, ndio. Joto pamoja na mboji inayokula oksijeni vinageuza oksidi dhaifu za chuma kuwa magnetaiti. Mbaya zaidi ni sehemu za zamani za kuchomea mkaa, na milima mingi ya Ulaya ya kati ina sehemu hizo kila kona maana viwanda vya kioo na vya kuyeyusha madini vya karne zilizopita vilikula miti kweli kweli. Ukiona kijukwaa bapa cha duara kwenye mteremko, chimba kidogo, ukikuta udongo mweusi wenye vipande vya mkaa ondoka hapo, kapime sehemu nyingine.

Vifaa gani vinatumika?

Kinachoonekana sana msituni ni kipimio kiitwacho Bartington MS2 chenye kihisi cha duara kinachowekwa chini, kina kipenyo cha sentimita 18.5, na kinasikia sentimita chache za juu tu, chini ya hapo nguvu inapungua haraka. Kwa labu wengi wanatumia kifaa kiitwacho Kappabridge kutoka Brno, Ucheki. Kwa kupima ndani ya shimo kuna SM400, hiyo ilizaliwa kwenye mradi wa Umoja wa Ulaya ulioitwa MAGPROX ambao ulipima sehemu kubwa ya Ulaya ya kati kwa utaratibu mmoja.

Kuhusu utaratibu wenyewe: usipime mara moja ukaondoka. Pima kama mara kumi hivi ndani ya duara la mita mbili, chukua wastani au namba ya katikati, na zile zilizoruka sana ziandike lakini uzitilie shaka. Ondoa matawi na majani makavu ya juu kabisa, maana ukiweka kihisi juu ya godoro la majani la sentimita tano umeshakiinua kutoka kwenye udongo na namba itakuwa ndogo bure. Sifurisha kifaa hewani kabla na baada ya kila kipimo, kinahama na joto. Kaa mbali na barabara, reli, uzio wa waya, nguzo za umeme. Na viatu vyenye chuma mbele uviache nyumbani, pamoja na funguo mfukoni, nimeona watu wakishangaa namba inayopanda kila wakisogea karibu.

Sampuli za labu zikaushwe hewani au kwenye joto lisilozidi nyuzi 40. Ukizikausha kwenye oveni kali unaweza kutengeneza magnetaiti mpya ndani ya oveni, halafu uilaumu kiwanda.

Naweza kujaribu mwenyewe na sumaku ya kawaida?

Unaweza, inafurahisha hasa na watoto. Chukua sumaku yenye nguvu, ifunge kwenye mfuko wa plastiki, ikoroge ndani ya mboji iliyochanganywa na maji, itoe, vua mfuko, na utaona unga mweusi umebaki. Ukipata maikroskopu ya bei ya chini inatosha kuona kama kuna vijipira. Vijipira vinavyong'aa vingi maana yake joto kali lilipita. Vipande vyenye kona kali huwa ni vya mwamba. Hutapata kipimo chochote cha kuandika kwenye ripoti ila utaelewa jambo lenyewe kuliko kusoma kurasa mia.

Lakini vijipira vya chuma si vinatoka angani pia?

Vinatoka, kimondo kikiungua kinaacha matone kama hayo. Meli ya Uingereza ya Challenger, iliyozunguka bahari kati ya 1872 na 1876, ilileta matope ya kilindini na ndani yake wakavuta vijipira kwa sumaku, vikatambuliwa kuwa vya angani. Kilindini matope yanajaa polepole sana kwa hiyo vinaonekana. Kwenye udongo wa msitu uliopo upande wa upepo wa mtambo wa makaa vya kiwandani ni vingi mno kiasi kwamba vya angani unaweza kuvisahau. Mwenye wasiwasi aangalie kemia, vya angani mara nyingi vina nikeli.

Namba kubwa ya sumaku maana yake kuna risasi na zinki?

Mara nyingi vinaenda pamoja, na ndo sababu kubwa ya watu kupenda mbinu hii, maana kupima metali kwa kemia ni gharama na kupima sumaku ni sekunde chache. Vinaendaje pamoja? Njia mbili. Zinki, nikeli, manganizi na kromi vinaweza kuingia ndani ya fuwele ya magnetaiti yenyewe na kukaa kwenye nafasi ya chuma. Risasi, kadimi na aseniki zinakuwa mvuke ndani ya tanuru na moshi ukipoa zinagandia juu ya chembe zozote zilizopo karibu.

Sasa hiyo njia ya pili ndo tete. Kilichogandia juu kinaweza kuoshwa na maji ya mvua yenye uchachu, kikashuka chini au kikaondoka na maji, na chembe ya sumaku ikabaki pale pale. Kadimi na zinki zinahama kirahisi kwenye udongo mchachu, risasi inang'ang'ania mboji. Kwa hiyo sumaku inakuambia wapi pa kuchukua sampuli za kemia, haikuambii kuna miligramu ngapi za nini. Mtu akikuletea ramani ya risasi ambayo kwa kweli ni ramani ya sumaku iliyozidishwa kwa namba fulani, muulize hiyo namba aliipata kwenye udongo wa wapi, maana uhusiano wa chini ya mtambo wa umeme sio ule wa chini ya kiwanda cha zinki.

Naweza kusema ni kiwanda kipi?

Aina ya kiwanda, mara nyingi ndio. Jina la kiwanda, mara chache. Ukitenga chembe kwa sumaku, ukaziangalia kwa maikroskopu ya elektroni pamoja na kipimo cha kemia, majivu ya makaa, vumbi la chuma na la saruji yanatambulika. Ukizipasha joto huku ukipima, magnetaiti inapoteza sumaku karibu na nyuzi 580 na hematiti karibu na 675, unajua mchanganyiko wake. Ila mitambo miwili ya makaa yale yale iliyo upande mmoja wa upepo, nani atawatenganisha? Hapo unahitaji kumbukumbu za upepo, ramani ya namba zinavyopungua kwa umbali, na mara nyingine isotopu za risasi, na bado wakili mzuri atakuyumbisha.

Naweza kujua ni mwaka gani?

Kwenye udongo wa msitu, kwa shida. Tabaka ni chembamba na kila kitu kimebanana. Unaweza kusema "kabla" na "baada", sio zaidi. Wanaotaka miaka wanaenda kwenye vinamasi vya milimani vinavyolishwa na mvua tu, ambako mimea inakua juu ya iliyokufa kila mwaka, au matope ya maziwa. Mwaka 1978 watafiti Oldfield, Thompson na Barber walitumia vinamasi vya namna hiyo kuonyesha jinsi chembe za sumaku kutoka hewani zilivyobadilika. Tarehe zinapatikana kwa risasi-210, aina ya risasi yenye mionzi ambayo nusu-uhai wake (muda wa kupungua nusu) ni miaka 22 hivi, na kwa sesiamu yenye mionzi ya ajali ya Chernobyl ya 1986 ambayo kwa sehemu nyingi za Ulaya ni alama ya kutosha, ingawa kwenye kinamasi kichachu sesiamu nayo huwa inatembea.

Viwanda vimefungwa zamani, mbona namba bado ziko juu?

Kwa sababu udongo unalimbikiza, haufuti. Kipimo cha udongo ni jumla ya miaka yote, hakikuambii hewa ya leo ikoje. Anayetaka ya leo apime majani, kuvu-mwani wa kwenye magome, theluji, au karatasi za vichujio vya hewa.

Zinaweza kupotea lakini. Udongo uliojaa maji ukikosa oksijeni unayeyusha magnetaiti taratibu, kwa hiyo kwenye dimbwi la msituni unaweza kupata namba ndogo ukafikiri pasafi kumbe chembe zimeliwa. Mmomonyoko pia, pamoja na wale wakataji miti wanaoburuza magogo mteremkoni na kuondoka na mboji yote.

Chembe hizi zina madhara kwa mtu?

Zikiwa zimelala chini ya misonobari huko juu, mtu anayepita hazimgusi sana. Hewani zikiwa ndogo ni habari nyingine. Mwaka 2016 Barbara Maher wa Chuo Kikuu cha Lancaster na wenzake walitangaza kwamba wamekuta chembe za magnetaiti za duara, za ukubwa wa nanomita, ndani ya ubongo wa watu wa Mexico City na Manchester, na umbo lake lilionyesha zilizaliwa kwenye joto kali. Kuzikuta humo ni jambo moja, kuthibitisha zinaleta ugonjwa gani ni jambo lingine, na hayo mawili yanachanganywa sana mitandaoni.

Kuna kiwango rasmi cha namba ambayo ikizidi ni uchafuzi?

Kuna mwongozo wa kimataifa, ISO 21226 wa 2019, unaeleza namna ya kutumia sumaku kuchuja maeneo yaliyochafuliwa na metali. Lakini namba moja ya dunia nzima haina maana. Kwenye jiwe la mchanga 40 ni kengele, kwenye basalti 40 ni ndogo ya kushangaza. Kinachotumika ni kulinganisha juu na chini ya shimo lile lile.

Nina bajeti ndogo, nianzie wapi?

Anza na ramani ya jiolojia, hiyo mara nyingi ni bure. Chagua mlima wenye mwamba usio na sumaku, wenye msitu mkongwe wa aina moja ya miti, na ujue upepo mkuu unatoka wapi. Chora mstari kutoka upande wa viwanda kwenda upande wa pili, weka vituo kwa mwinuko tofauti, toboa hata mashimo machache tu lakini yatoboe vizuri, kausha, pima kwa mawimbi mawili. Kifaa unaweza kuazima, idara za jiolojia na jiofizikia za vyuo huwa nacho kwa ajili ya kazi nyingine kabisa. Halafu sampuli mbili tatu zenye kilele kikubwa, na moja ya chini isiyo na kitu kwa ajili ya kulinganisha, ndo uzilipie kemia.